Taili Zisizoteleza

"Niletee maji," Roselyn alisema.

Tony, muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi, alidhani mteja wake ana kiu. Ilikuwa asubuhi, lakini jua la Migori lilikuwa tayari limeanza kuchoma mabati, na mama huyu alikuwa ametoka sokoni hadi hapa kwa magongo yake mawili. Akaenda nyuma ya kaunta, akarudi na glasi iliyojaa, akampa kwa mikono miwili.

Roselyn hakunywa. Aliimwaga yote juu ya taili nyeupe ambayo Tony alikuwa ameiweka sakafuni ili aione vizuri. Kisha akaegemea ukutani kwa bega, akaweka ncha ya gongo katikati ya yale maji, akasukuma. Gongo lilichomoka kama sabuni.

"Hii hapana," akasema. "Lete ingine."

"Siste, hii ndio watu wananunua sai. Imetoka Italia. Hata daktari wa pale juu ameweka hii."

"Daktari ana miguu yake. Lete ingine, na maji."

Kulikuwa na watu wawili watatu dukani waliokuja kununua misumari, na wote walisahau misumari yao. Tony alileta ya waridi, ikateleza. Akaleta yenye maua, ikateleza zaidi. Ondieki, mwashi aliyekuwa akimjengea Roselyn, alikuwa amesimama mlangoni akikuna shingo kwa aibu, kana kwamba ni yeye aliyekuwa anamwaga maji kwenye duka la watu.

"Madam, tupige tu simiti," akanong'ona. "Tuchane na ufagio ikiwa mbichi. Haitateleza, na simiti yenyewe inapanda bei kila wiki, afadhali tununue sasa. Mtu kama wewe unahitaji tu mahali pa kushika."

Roselyn alimgeukia. "Mtu kama mimi anahitaji nini?"

Ondieki alirudi hatua moja nyuma mlangoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesema tu kile ambacho kila mtu alikuwa akikisema tangu ujenzi uanze.

Nyumba ile aliachiwa na baba yake, vyumba vitatu na veranda, kwenye mtaa wa nyuma ya soko. Polio ilimpata angali mtoto. Alijifunza ushonaji wa cherehani ya mkono, kwa sababu ile ya miguu isingemfaa, na sasa nusu ya watoto wa mji walivaa yunifomu zilizotoka mikononi mwake, na kwaya za kanisa zilimtumia vitambaa hadi kutoka Homa Bay. Alikuwa anajilisha na kujivika. Kuoga tu ndiko kulikokuwa kunamshinda. Bafu lilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, ng'ambo ya uwanja wa matope, na choo cha shimo kilikuwa mbele zaidi. Kila siku alingoja Lynnet, mke wa kaka yake, aliyekuwa akiishi naye, amalize kazi zake ndipo ambebee maji na kumshika mkono.

Mwezi wa Aprili mvua ilipokolea, Lynnet alichelewa, naye Roselyn akaamua kwenda peke yake. Gongo lilimtoroka. Akaanguka chali ndani ya kile kibanda, nguo zake zikiwa zimetundikwa juu ya mabati asikoweza kufika. Alipaza sauti hadi majirani wakaja, wanaume, wakamwinua huku wamegeuza nyuso pembeni. Walikuwa watu wazuri. Lakini tangu siku hiyo walimsalimu wakitazama chini, na hilo lilimuuma kuliko nyonga aliyoiumiza.

Ndipo akasema atajenga bafu ndani ya nyumba, na jiko pia. Kaka yake Cephas, mume wa Lynnet, aliyekuwa akifanya biashara ya nyavu kisiwani Takawiri, alikuja na mawazo yake. Alitaka sebule iwekwe dari kwanza, na taa nzuri.

"Bafu nani ataliona?" Cephas aliuliza.

"Mimi," Roselyn alimjibu.

Sasa pale dukani, Tony alikuwa amekata tamaa. Akakumbuka kitu, akaingia stoo, akarudi akifuta vumbi kwenye kigae cha udongo, rangi ya matofali yaliyoiva, kisichong'aa kabisa. Vigae hivyo vilikuwa vimekaa huko muda mrefu, akasema, maana watu walivikataa. Roselyn akamwaga maji. Akaweka gongo. Akasukuma, akasukuma tena kwa uzito wake wote mpaka mshipa ukatoka shingoni. Gongo halikusogea.

"Hii ndiyo ya chini," akasema. Tony akavuta pumzi. "Ya ukutani, sasa. Ukutani nataka ile nyeupe ya Italia. Na mstari mmoja wa buluu, hapa." Akaonyesha usawa wa macho yake.

"Ukutani?" Ondieki akauliza.

"Ukutani siendi kutembea, Ondieki. Ukutani naenda kuangalia."

Watu wa misumari wakacheka, na Ondieki naye akacheka, akaanza kuhesabu taili kwa vidole.

Furaha ile haikufika nyumbani. Walimkuta Lynnet amesimama uani, kitenge kimemlegea kiunoni, na kwenye ukuta mpya wa bafu, ambao plasta yake ilikuwa haijakauka, kulikuwa na alama kubwa ya X ya rangi nyekundu. Rangi ilikuwa ikitiririka bado.

"Yuora, wametoka hapa sasa hivi," Lynnet alimwambia wifi yake. "Askari wa ofisi ya ujenzi. Wamesema hakuna kibali, na fundi akigusa jiwe wanabeba yeye na vyombo vyake."

"Kibali si tulipeleka ramani?" Roselyn akauliza.

"Nimeenda mara ngapi? Kila siku huyo Simeon wa kusaini vibali ananiambia mwenye nyumba aje mwenyewe, apande asaini mbele yake. Nikamwambia dada yangu hawezi ngazi. Akasema hiyo si shida ya ofisi."

Roselyn aliitazama ile X. Kisha akaingia ndani, akachukua mfuko wake wa kazi, akamwambia Lynnet amwitie boda. Mwenye baiskeli alipofika, alimkalisha nyuma, akafunga magongo kwenye fremu, wakaondoka.

Ofisi ya ujenzi ilikuwa orofani, juu ya ngazi moja ya saruji isiyo na reli ya kushikia. Roselyn aliijua ngazi ile. Mwaka uliotangulia alikuwa ameipanda kuomba leseni ya biashara: alikaa chini na kupanda kinyumenyume, kidato kwa kidato, sketi ikifagia vumbi, watu wakimpisha na kumwambia pole. Alipofika juu aliambiwa bwana mkubwa ametoka kwenda kunywa chai.

Leo alikaa kwenye kidato cha chini kabisa. Akayalaza magongo kando yake, akamwomba mwanamke mmoja aliyekuwa akipanda amwambie Bwana Simeon kwamba Roselyn wa nyuma ya soko amekuja.

Mwanamke yule alirudi. "Anasema upande."

"Mwambie sipandi. Namngoja hapa."

"Mama, atakasirika."

"Akasirike. Mimi nimekuja. Yeye ndiye bado."

Akafungua mfuko, akatoa joho la kwaya lililobaki pindo, akaanza kushona. Alishona kwa haraka hata sindano ikamchoma, akakifyonza kidole, akaendelea. Alijua mtu wa ofisi akikuchukia anaweza kukuzungusha mpaka nyumba yako ianguke bila kumalizika. Alijua pia kwamba akirudi nyumbani sasa, atangoja mlangoni na taulo begani, akisikiliza hatua za Lynnet, siku zote alizobakiwa nazo.

Watu walipanda na kushuka. Wengi walimfahamu. "Roselyn, unafanya nini hapa?" "Namngoja Simeon ashuke." "Kwani hashuki?" "Anasema nipande." Mtu alisimama kushangaa, wa nyuma yake akauliza kuna nini, akaelezwa. Karani wa kike aliinama juu, akachungulia, akarudi ndani. Minong'ono ilipanda ngazi ile bila shida yoyote.

Na njia ilikuwa hiyo moja tu. Saa ya chakula ilipofika, Simeon alitokea juu, mtu mnene mwenye tai, funguo mkononi. Akaona umati, akaona nani amekaa chini. Akashuka polepole.

"Wewe mama, unafungia watu njia."

"Pita, baba. Nafasi ni kubwa. Lakini ukishapita uniambie ni nani atasaini ramani yangu."

"Njoo alasiri, tutaona."

"Alasiri hii ngazi itakuwa imepungua?"

Mtu alicheka, wengine wakafuata. Simeon alitazama huku na huku. Alikuwa amezoea kuona watu mmoja mmoja, ng'ambo ya meza, mlango umefungwa, na hapo huwa kuna njia nyingi za kuelewana. Hapa chini hapakuwa na meza wala mlango.

"Umesema lazima mwenye nyumba aje mwenyewe," Roselyn akasema. "Huyu hapa. Ramani yangu ina kosa gani? Niambie mbele ya hawa watu, nirekebishe leo."

Simeon alizungusha funguo kidoleni. "Sijasema ina kosa."

"Basi saini."

"Muhuri uko juu."

"Nitaleta!" yule karani akaita kutoka juu kabla hajaombwa, na viatu vyake vikasikika vikikimbia. Alishuka na ramani, muhuri na kisahani cha wino. Hapakuwa na mahali pa kuandikia, kwa hiyo bwana mkubwa akachutama, tai ikigusa saruji, akasaini juu ya kidato, akagonga muhuri.

Roselyn alipuliza wino mpaka ukakauka. "Asante, baba. Na ile X mliyonipaka ukutani, mtakuja kufuta nyinyi ama nipige rangi mimi?"

Simeon aliinuka, akapangusa tai. Alikuwa anajaribu kuondoka, lakini mzee mmoja mwenye bandeji mguuni, aliyekuwa amesimama muda wote huo akisikiliza, alijiketisha taratibu kwenye kidato ambapo Roselyn alikuwa ndiyo kwanza anainuka, akatoa karatasi zake mfukoni.

"Na yangu pia," mzee akasema.

Ondieki alirudi kazini jioni ile ile. Siku zilizofuata walibishana kuhusu jiko. Alikuwa amevuta uzi wa kipimo ukutani usawa wa kiuno chake, mahali slabu ya kupikia itakapokaa, kama alivyofanya katika nyumba zote alizojenga. Roselyn hakubishana. Alimwekea kile kigoda anachokalia akipika, akampa kisu na kitunguu.

"Kaa, ukate."

Ondieki alikaa. Uzi ulimfika kwenye pua. Akajaribu kuinua kisu hadi pale, viwiko vikapanda juu kama kuku anayetaka kuruka. Lynnet alilazimika kutoka nje acheke. Ondieki aliinuka, akakata ule uzi, akaufunga upya chini. Tangu hapo alianza kuuliza. Sinki iwe wapi? Swichi hii unaifikia? Bomba la kushikia bafuni alilikaza ukutani kwa bolti ndefu, kisha akaning'inia nalo mwili mzima, miguu hewani, ili Roselyn aone mwenyewe kwamba haling'oki. Mstari wa buluu aliupanga kwa pima maji, akaubomoa, akaupanga tena, hakuna aliyemwambia.

Cephas alikuja kutoka Takawiri siku moja kabla rangi haijakauka. Alisimama kwenye mlango wa bafu kwa muda mrefu, kofia mkononi. Taa ya sebule hakuitaja tena. Alisema tu, "Hii buluu ni kama ziwa asubuhi," akaenda kukaa verandani.

Siku ya kwanza maji yalipofunguliwa ilikuwa Jumapili. Roselyn aliingia peke yake baada ya kanisa. Alifunga komeo. Alisikiliza sauti ya komeo, akalifungua, akalifunga tena. Akavua nguo zake, akazitundika kwenye msumari ulio usawa wa mkono wake, akashika bomba, akatembea juu ya vile vigae vya udongo. Vilikuwa na maji, na gongo lilikaa pale alipoliweka. Akaketi kwenye benchi ya simiti. Mbele ya macho yake kulikuwa na buluu.

Nje, Lynnet alikuwa akingoja kumsaidia kama alivyozoea. Baada ya kitambo akabisha.

"Yuora? Uko sawa? Nije?"

"Usije."

"Umemaliza?"

Roselyn alikuwa amemaliza kitambo, alikuwa ametakata hadi kati ya vidole. Akachota kopo jingine la maji, akajimwagia taratibu kuanzia kichwani.

"Bado," akasema.