Perth ya Shemeji Merv

Hapa Streaky Bay, kusini mwa Australia, hakuna binadamu aijuaye Perth kama mimi. Nifunge kitambaa machoni, nitupe katikati ya jiji lile, nami nitakupeleka moja kwa moja hadi mtoni kwenye bata maji weusi, kisha ufukweni kwenye mchanga mweupe kama unga wa keki, kisha kwenye baa ambayo mwenyewe ana jicho la kioo na hulivua wateja wasipolipa. Sijawahi kufika, lakini tangu lini hilo likamzuia mtu kuwa mjuzi?

Elimu hiyo yote nilipewa na shemeji yangu Merv, mdogo wa marehemu mume wangu Clarrie. Merv aliendesha lori ujana wake wote. Alikuwa akitoweka wiki nzima, halafu siku moja unamwona jikoni kwangu, shingo imeungua kama kamba aliyechemshwa, anakula keki yangu na kusimulia. "Shemeji Dulcie," alikuwa akisema, "hapa kwetu jua linapita tu kusalimia. Perth ndiko linakolala." Siku moja aliniletea kitambaa cha kukaushia vyombo, kimechorwa bata maji mweusi. Ninacho hadi leo. Clarrie alimwamini ndugu yake kabisa. Lakini Clarrie alimwamini hata mchungaji.

Sasa, binti yangu Raelene ana binti aitwaye Tamsin, ambaye ameolewa huko huko Perth. Mwaka huu Tamsin akajifungua mtoto wa kiume, kitukuu wangu wa kwanza, wakampa jina Banjo. Ndiyo, kama kile chombo cha muziki. Mimi sikusema neno baya. Nilichouliza kwenye simu ni swali tu: "Na wa pili mtamwita Ngoma?" Simu ikakatika. Mtandao wa huku kwetu una matatizo.

Ubatizo ulipangwa Oktoba. Nami nilikuwa nimeshaamua: nitambeba yule mtoto mikononi, nimnuse kichwani, nione kama amepata masikio ya Clarrie au amenusurika. Ukifika umri wangu, fundi viatu akikwambia njoo mwezi ujao, unamtazama mara mbili. Sikutaka kuambiwa habari za mwakani.

"Ndege haiwezekani, Mama," akasema Raelene. Raelene ni karani wa mapokezi pale zahanati, kwa hiyo maneno ya daktari hunifikia kupitia kwake, kama vile Mungu na Musa. "Daktari amekataza. Goti lako ukilikunja saa nyingi angani, damu itaganda."

"Basi twende wote kwa gari."

"Sina likizo hadi Krismasi."

"Basi nitaendesha mwenyewe."

"Kama ulivyoendesha ukaingia posta?"

"Nilikuwa na barua ya kutuma."

"Mama, ile Nullarbor ni uwanda mtupu. Siku nzima hukutani na nyumba. Mimi sikuruhusu uende bila mtu anayeijua njia, basi, yamekwisha."

Nikapiga makofi. "Merv!"

Uso wa Raelene ukawa wa mtu aliyefunga milango yote kumzuia mwizi, kisha akasikia chafya chumbani. Angesema nini? Tangu akiwa mtoto wa kunyonya kidole amekuwa akisikia jinsi Baba Mdogo Merv alivyoivuka Nullarbor kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika mkate wa nyama.

"Sawa," akasema polepole. "Mwite aje. Nimuulize mawili matatu."

Merv akaja Jumapili baada ya ibada, ndevu kanyoa upande mmoja vizuri kuliko wa pili. Nikawa nimetandaza ramani mezani, nimeweka chai na keki ya makombo ya siagi. Raelene alikaa ng'ambo ya meza, mikono ameikunja, kama wale wanaokusajili kwa daktari na kukuuliza choo chako kikoje mbele za watu.

"Haya, Baba Mdogo. Mkishapita Ceduna, mnapita wapi?"

"Penong!" Merv akajibu bila kufikiri. "Penong naijua kama mfuko wangu wa shati. Pana vinu vya upepo, pana kituo cha mafuta, pana mkahawa. Mkahawa mzuri sana. Kuna supu ya mbaazi pale, ukionja..."

"Na baada ya Penong?"

Merv akanywa chai. Akanywa tena. "Baada ya Penong," akasema, "ni mbali."

"Mnalala wapi?"

"Mimi huwa silali hotelini. Nina mti wangu. Katikati kabisa ya Nullarbor, mti mkubwa, kivuli kizuri, naegesha lori chini yake, nalala kama mtoto."

Raelene akatabasamu. Tabasamu lile sikulipenda. Ni la bibi yake mzaa baba. "Baba Mdogo, Nullarbor katikati hakuna miti. Hata mbwa wa wasafiri hulalamika."

Merv akanitazama kama ng'ombe anayeuliza njia ya machinjioni.

Hapo ndipo nilipoelewa. Moyo ulinishuka hadi kwenye soksi. Keki zote zile! Miaka yote ile nimemkatia vipande vikubwa kuliko vya mume wangu, kwa sababu yeye ametoka mbali na Clarrie katoka zizini tu! Ningeweza kumpiga na birika. Lakini kama Merv hajui njia, siendi. Na kama siendi, Banjo atakuwa ameota meno na kuanza kujibu watu kabla sijamwona. Nikaliacha birika.

"Ulikuwepo mmoja," nikasema. "Wakaukata."

"Nani aliukata?"

"Serikali."

"Serikali hasa," akasema Merv, akapata nguvu. "Niliwaandikia."

Raelene hakuamini, lakini mtu akiitaja serikali kwetu hapa, hata kwa jambo la kipumbavu, ni vigumu kubisha. Akasema atarudi Jumamosi tumalizie mipango. Alipokuwa anatoka nikaona kofia kubwa ya majani, mpya, kwenye kiti cha nyuma cha gari lake. Kofia ya jua, na huku nje upepo unang'oa kope.

"Ya nini hiyo?"

"Ya bustani," akasema.

Raelene hana bustani. Ana saruji na kopo moja la mnanaa. Lakini nilikuwa na mwongo mmoja jikoni tayari, sikutaka kuwa na wawili kwa siku moja.

Nikamshika Merv getini. "Shemeji, niambie mimi tu. Umewahi kufika Perth?"

"Shemeji, kuna kufika, na kuna kufika."

"Merv."

"Nimekaribia."

"Umekaribia wapi?"

Akaitazama bahari. "Penong," akasema.

Kutoka Penong hadi Perth, mwanangu, ni kama kutoka kitandani hadi Yerusalemu. Sikuwa na muda wa kumlaani. "Sikiliza. Jumamosi usitaje miti. Usitaje mto, mlima wala mnyama. Akiuliza jambo, wewe kohoa, mimi nitajibu. Barabara yenyewe ni moja, imenyooka kama mstari, anayepotea pale ni mtu aliyekusudia. Wewe kaa kwenye kiti cha abiria uwe na uso wa mjuzi."

"Uso huo ninao," akasema. Na kweli anao. Ndio uliotufikisha hapa.

Wiki ile nilikwenda kwa jirani yangu Joyleen, ambaye mumewe anaendesha lori la ngano, nikachota alichojua: mafuta yanauzwa wapi, saa zao zinaanza kurudi nyuma wapi, kangaruu huvuka barabara wakati gani. Nikamkaririsha Merv kama mtoto wa kipaimara. Jumamosi Raelene akauliza kuhusu mafuta, Merv akajibu. Akauliza kuhusu saa, Merv akajibu. Akauliza kuhusu kangaruu, Merv akajibu vizuri mno hadi nikamkanyaga mguu apunguze. Nikaanza kujiona nimemshika Banjo, kichwa kinanuka maziwa.

"Sawa," akasema Raelene, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemeza dawa. "Labda..."

Basi yule mzee mpumbavu akafurahi. Furaha ndiyo humponza mwongo, si hofu. "Ngojeni!" akasema, akatoka mbio, kwa kadiri nyonga zake zinavyokubali mbio, akarudi amekumbatia sanduku la machungwa ya shambani kwake. Akatoka tena, akarudi na ndoo ya asali ya nyuki wake. Akaviweka juu ya ramani, juu ya Australia yote.

"Zawadi za Banjo na mama yake! Huwezi kwenda Perth mikono mitupu. Mimi kila safari nilikuwa nabeba machungwa."

Niliona sawa tu. Sisi wa pande hizi tunajua ukaguzi wa Ceduna: wanaotoka magharibi kuja kwetu wanasimamishwa, wananyang'anywa matunda kwa sababu ya nzi wa matunda, nasi huwa tunawacheka wanavyosimama kando ya barabara wakila maembe kwa pupa, juisi inachuruzika viwikoni. Lakini hao ni wanaokuja. Wanaokwenda, nani awaulize? Hivyo ndivyo tulivyodhani, mimi na yeye, watu wawili ambao hatujawahi kwenda.

Raelene akaegemea kiti. Raha yake ilianzia kwenye nyusi. "Baba Mdogo. Ulikuwa unabeba machungwa kila safari?"

"Kila safari."

"Na mpakani mwa jimbo lao?"

"Nawapungia mkono, wananipungia."

"Baba Mdogo, mpakani na wao wanakagua! Wale wa Perth ni wabaya kuliko wa Ceduna. Wanafungua buti, wanafungua friji, wanakuchungulia hadi chini ya kiti. Ungepita mara moja tu katika maisha yako, moja tu, ungejua!"

Merv akakohoa, kama nilivyomfundisha, na kunitazama. Serikali nilishaitumia.

"Ulikuwa wapi?" Raelene akasema. "Wiki zote zile?"

Mzee akakaa. Akachukua chungwa, akaanza kulimenya ili macho yapate kazi. "Penong," akasema. "Kulikuwa na Ilma. Mjane. Ndiye mwenye mkahawa."

"Na jua la shingoni?" nikauliza.

"Nilikuwa namwezekea paa."

"Miaka yote ile paa halikwisha?"

"Lilikuwa paa gumu, shemeji."

"Na kitambaa changu cha bata maji?"

"Dereva mmoja alimwachia Ilma, badala ya kulipa supu." Akala kipande cha chungwa. "Alikuwa mwanamke mzuri. Clarrie angenicheka. Ikawa rahisi kusema Perth."

Kwa kweli angemcheka. Mimi pia ningemcheka, na sasa hivi nilikuwa nataka kuanza, ila Raelene alikuwa ameshaanza kuikunja ramani, machungwa yanabingirika sakafuni.

"Basi yamekwisha," akasema. "Mama, huendi. Samahani. Tamsin atamleta mtoto Krismasi, utamwona."

"Krismasi ana miezi mingapi? Atakuwa mtu mzima! Raelene, barabara imenyooka..."

"Nilisema mtu anayeijua njia. Wewe huijui, yeye haijui."

Sikulia. Niliokota machungwa, jambo ambalo goti langu lilifanya bila damu kuganda hata tone. Merv alikuwa amenywea kwenye kiti, ila alipoona nimeinama sakafuni uzee huu, kitu kikamchoma. Akamgeukia Raelene, kidevu kimelowa juisi.

"Na wewe je? Mimi nimekaa kwenye barabara hii kabla hujazaliwa, sikujua. Shemeji hakujua. Wewe uliyekaa nyuma ya dirisha la zahanati maisha yako yote, nani kakwambia habari za ukaguzi wa Perth?"

"Kila mtu anajua."

"Machungwa labda," nikasema, nikiwa bado chini ya meza. "Lakini mbona asali aliiweka mezani nawe hukusema kitu? Asali itapita."

Nilitaka tu walau ndoo ifike, kama mimi sifiki. Lakini Raelene tangu utoto hawezi kumwacha mtu na kosa, hata lisilo na madhara. Ndiyo sababu walimpa kazi ya kujaza fomu.

"Haipiti! Asali ndiyo kabisa! Hakuna tunda, hakuna mboga, hakuna asali, hata kiazi kimoja. Na haijalishi unaingia kwa gari au kwa ndege, wameandika waziwazi chini ya tiketi, kwa wino mwe..."

Akajiziba mdomo kwa kiganja.

Nje, upepo ulikuwa unalitikisa bati la karakana. Nikatoka chini ya meza, nikajishika kwenye kiti, nikasimama.

"Tiketi gani, mwanangu?"

"Ya... ya rafiki yangu wa kazini."

"Anakwenda Perth?"

"Ndiyo."

"Oktoba?"

"Sijui."

"Na kofia ile ya majani ni yake?" akauliza Merv, kwa upole mkubwa, upole wa mtu aliyepata mwenzake gerezani.

Shingo ya Raelene ilikuwa imeanza kuwa nyekundu, nyekundu ya jua la Penong. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake.

"Na goti langu," nikamwambia. "Nikienda Jumatatu kwa daktari, nikamuuliza yeye mwenyewe kwa kinywa chake, ataniambia nini?"

Raelene akanyoosha mkono, akachukua chungwa la Merv lililomenywa nusu, akajaza kinywa chote na kuanza kutafuna.

Tangu azaliwe, machungwa humtapisha.