Nyuma ya Kadibodi ya Shangazi

Hakuna kitabu wala filamu iliyowafikia vijana wa kanisa lile bila kupita mikononi mwa Shangazi, na mikono ile, jamani, haikuwa na mzaha. Alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyekuwa mlezi wa vijana. Hadithi ikiwa na ukurasa anaoutilia shaka, aliubana kwa pini za kushonea. Filamu za Jumamosi je? Alisimama kando ya projekta na kipande cha kadibodi. Muziki ukilegea tu, kadibodi mbele ya taa, sauti chini, na vijana gizani wakaguna mpaka hatari ipite. Wazazi walimpenda sana. Vijana walimwita Mama Kadibodi, naye akijua, akijitia hamnazo.

Ambacho hawakukijua ni kwamba Shangazi mwenyewe hakuwa akiziona sehemu hizo. Ukaguzi aliufanya nyumbani huku akishona, kompyuta iko nyuma ya mgongo wake. Alisikiliza tu. Watu wakinyamaza, vinanda vikaanza kulia taratibu na mtu akahema, Shangazi aligeuka macho kayafumba nusu, akasogeza mbele, akaendelea na pindo lake. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini methali hiyo nayo angeibana kwa pini.

Aliishi na binti wa mdogo wake wa kiume, msichana wa miaka kumi na minne aliyeitwa Bibi Maswali, maana aliwahi kumsimamisha mchungaji mlangoni amweleze kama malaika hukata kucha. Mama yake alifariki binti akiwa mdogo. Baba akamleta kwa Shangazi jioni ile ile ya mazishi, akaondoka, asionekane tena. Sasa, baada ya miaka yote hiyo, kapiga simu. Jumapili angekuja kumwona mwanawe, na binti akiridhia, waanze kuishi pamoja. Shangazi alilia kwa furaha. Bibi Maswali hakuuliza hata swali moja. Alisema, "Sawa, Shangazi," akaenda kuosha vyombo. Kimya kingi kina mshindo, ila Shangazi alikihesabu kuwa ni utii.

Kwa hiyo Jumamosi ile aliichagua filamu kwa makusudi. Ilikuwa habari ya msichana aliyetelekezwa na baba, na baba akarudi, na mwishoni wanakula meza moja. Hii itamwandaa mtoto, alijiambia. Filamu ikaenda vizuri mpaka baba alipobisha hodi. Msichana akafungua mlango, vinanda vikaanza, mtu akahema kwa nguvu. Kadibodi juu. Ilipoteremshwa, baba na binti walikuwa wamekaa sakafuni jikoni, macho ya binti yamevimba, wanapokezana kikombe cha maji.

Taa zilipowashwa Shangazi aliuliza tumejifunza nini, na kama kawaida wakajibu kwa pamoja kwamba tumejifunza msamaha. Bibi Maswali akanyoosha mkono. Alitaka kujua yule msichana alimwambia nini baba yake pale mlangoni. Shangazi akasema alimsamehe, basi. Binti akauliza, alimsamehe kwa maneno gani? Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Shangazi, na Shangazi akawaambia wasimame wafunge kwa sala.

Njiani kurudi alimkaripia. Kwa nini amtie aibu mbele za watu? Binti alitembea kidogo, kisha akasimama.

"Sikutaka kukuaibisha, Shangazi. Baba anakuja kesho. Mwanzo naujua, na mwisho mnaoutaka naujua. Katikati ndipo sijui watu wanafanyaje."

Walipofika nyumbani Shangazi alijitia ana nguo ya mteja ya kumalizia, akajifungia chumbani kwake na ile kompyuta. Akapunguza sauti kana kwamba anaiba. Aliitafuta hodi ile, na safari hii akakaa akiitazama, macho wazi.

Lo! Hakukuwa na busu wala nguo iliyovuliwa. Aliyekuwa akihema ni binti, kwa hasira. Alimpiga baba yake ngumi za kifua, akamwambia yote: nani alimuuguza alipougua, alivyodanganya shuleni kwamba baba yuko safarini, alivyomchukia na kuomba asimchukie. Baba hakujitetea. Alisimama akiyapokea mpaka binti akaishiwa nguvu, wote wawili wakateremka chini taratibu, na ndipo kile kikombe cha maji kilipokuja.

Shangazi alilia. Alimlilia yule wa kwenye filamu, kisha akajililia mwenyewe, maana alikumbuka kila mara alipomwambia mtoto asimseme baba yake vibaya, mtoto mzuri husamehe. Alikuwa amemfundisha msamaha uliokatwa katikati. Akafungua mlango, akamwita.

Waliitazama pamoja. Bibi Maswali aliomba irudishwe, ikarudishwa, akaomba tena. Akauliza kama msichana yule ni Mkristo kweli. Shangazi akamkumbusha kwamba mwanzoni alionekana akisali kabla ya kulala.

"Kumbe inaruhusiwa," binti akasema polepole.

Jumapili baba alikuja na shati lililopigwa pasi, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Binti akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba. Baba akasema amekua, akasema amefanana na mama yake. Shangazi aliona hofu usoni pa mdogo wake, na hofu hiyo ilimuuma.

"Ulikuwa wapi?" binti akauliza.

Baba akamgeukia dada yake, kama alivyozoea tangu utotoni kila maji yalipomfika shingoni. Shangazi alikuwa nalo tayari kwenye ncha ya ulimi: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Angelisema tu, wote wangepumua, na chai ingeletwa. Akalimeza.

"Mjibu, mdogo wangu," alisema. "Hata mimi sijawahi kukuuliza."

Baba aliinamia viganja vyake. Akasema hajui aanzie wapi.

"Anzia tulipotoka makaburini," binti akasema. "Ulinishika mkono mpaka mlango huu. Halafu?"