Vituo Mia Moja na Vitatu

Fundi wa mafriji waliyemwita Sikio alikuwa ameshika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo katika mashindano ya redio ya ridhaa, na jambo hilo lilimkereketa kooni. Mashindano yenyewe ni ya siku mbili: unakaa na redio yako nyumbani, unaita, unajibiwa na watu wa nchi za mbali, na kila kituo unachokipata ni alama. Wenzake walikuwa na mitambo ya maana. Yeye alikuwa na sikio la kunasa jina la kituo katikati ya mikwaruzo, na makalio yasiyochoka. "Ukiinuka tu kwenye kiti," alizoea kusema, "umewapa watu ushindi."

Jumapili asubuhi upepo ulivuma, kamba ya antena kubwa ikakatika. Kelele tupu. Akahamia antena ndogo, huku akimpungia mkono mume wa dada yake, mwalimu wa hesabu, aliyekuja kumchemshia chai na kumtania.

"Shemeji, panda paani uifunge. Dakika tano tu."

"Mimi na kitambi hiki? Si tungoje upepo utulie?"

"Utulie saa ngapi? Niko wa kwanza, shemeji! Wa kwanza!"

Mwalimu akacheka. "Haya. Paa likibonyea usiseme sikukwambia." Akavua viatu, akatoka.

Punde alipojaribu tena antena kubwa, sauti zilikuwa zimerudi, safi kabisa. "Hoyee, shemeji!" Sikio alipiga kelele bila kuvua hedifoni. Vituo vikamiminika, vidole vikikimbia wenyewe kwenye kompyuta. Mara moja tu lilimjia wazo kwamba hajamwona mwalimu akirudi. Akalisukuma kando. Kulikuwa na kituo cha kisiwani kikimwita.

Dada yake ndiye aliyemgusa bega. Alikuwa ametoka sokoni. Mikono yake ilikuwa na damu hadi viwikoni.

Mwalimu alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye sakafu ya zege, bado anapumua. Alikata roho garini, kabla ya geti la hospitali. Daktari alisema mbali na majeraha ya nje, damu ilivujia ndani polepole, akauliza alianguka saa ngapi. Sikio akajibu hajui.

Baada ya mazishi aliwasha kompyuta. Yote yalikuwa yameandikwa humo: kituo cha kwanza baada ya sauti kurudi, saa nne na dakika kumi na mbili; kituo cha mwisho, saa nne na dakika hamsini na mbili. Akakaa na hilo wiki nzima, hali, halali. Waandaaji walimwandikia kumuuliza mbona hajatuma matokeo. Hakuwajibu. Akaenda kwa dada yake.

"Nilimdanganya daktari," alisema. "Zilikuwa dakika arobaini tangu afunge kamba."

Dada yake alikuwa akikunja mashati ya marehemu. "Ulikuwa unaongea na watu wangapi?"

"Dada, tafadhali..."

"Nimekuuliza, kaka. Wangapi?"

"Mia moja na watatu."

Akamaliza shati alilokuwa nalo, akanyoosha kola kwa kiganja. "Na hata mmoja hukumwambia asubiri kidogo."

Sikio alingoja afukuzwe, atukanwe, apigwe hata kofi. Dada yake alichukua shati lingine. Alimwomba tu, akitoka, auache mezani ufunguo wa nyumba yao aliokuwa amepewa.

Akauacha.