Makochi ya Kuazima

Kwa miaka miwili binti yule alikuwa akisoma chuo kikuu kwa mlango wa nyuma. Kazi yake ilikuwa kutoa kopi kwenye kibanda kilichotazamana na geti la chuo, na kila wanafunzi wa famasia walipoleta masomo yao, yeye alizisoma kurasa zikitoka mashineni, bado za moto. Mteja akiuliza mbona mashine leo inasuasua, alisingizia wino. Jioni, akishafunga, alisimama kidogo kuwatazama wakitoka na makoti yao meupe mkononi, akatamani kuwa mmoja wao. Si kwamba aliwaonea wivu. Alitaka tu na yeye achoke kwa kile kilichowachosha wao.

Basi chuo kikamkubali. Ni chuo binafsi, na ada yake ukiitaja kwa sauti watu wanakutazama mara mbili. Alama zake zilimpatia ufadhili wa nusu ya ada. Nusu nyingine ingetoka kwenye mfuko wa msaada, lakini mfuko huo hauangalii alama, unaangalia hali ya nyumbani, na afisa wa chuo huja mwenyewe kujionea. Akiandika kwamba familia inajiweza, safari imeishia hapo, maana hiyo nusu ya pili hawakuwa nayo hata ndotoni.

Alimweleza mama yake, fundi cherehani, taratibu, tena zaidi ya mara moja.

"Wanakuja kuona tunavyoishi, mama. Hivi hivi tulivyo."

"Nimesikia. Kwani mimi kiziwi?" mama akasema, uzi mdomoni.

Alisikia, ndiyo, ila alisikia kwa namna yake. Kwake yeye, mtu akitumwa kuja kumtazama mtoto wako, anakuja kupima heshima ya nyumba. Na tangu azaliwe hajapata kumkalisha mgeni mahali pabaya. Angeanzia kwa mgeni wa chuo kikuu? Thubutu!

Siku yenyewe binti aliomba ruhusa kazini, akarudi mbio. Alipofungua mlango nusura aombe radhi na kuondoka, akidhani kaingia kwa watu. Chumba kilikuwa kimejaa makochi ya jirani yao mwenye duka. Televisheni ya jirani huyohuyo ilitamalaki juu ya meza ya kukatia vitambaa, waya wake ukining'inia, maana chumba hakikuwa hata na soketi. Katikati ya neema hiyo yote aliketi afisa, dada mmoja mwenye viatu vya vumbi, glasi ya juisi pembeni, anaandika.

"Nyumba nzuri, mama," afisa alikuwa akisema. "Vitu hivi ni vyenu?"

"Ni vyetu, mwanangu. Tunamshukuru Mungu."

Binti akasimama palepale mlangoni. Maneno mawili tu yangetosha: si vyetu. Alikuwa nayo kabisa mdomoni, na pamoja nayo koti jeupe, maabara, na zile kurasa ambazo safari hii zingekuwa zake. Kisha akamtazama mama. Alikuwa amekaa kwenye ncha ya kochi asije akalichafua, kavaa gauni lake la kutokea, na uso wake ulikuwa na fahari ambayo binti hajaiona tangu baba afariki. Amuaibishe mama yake mbele ya mgeni?

"Eti, mdogo wangu?" afisa akamgeukia. "Ni vyenu?"

"Ni vyetu," akasema.

Afisa akafunga faili, akashukuru kwa juisi, akaondoka.

"Umeona alivyofurahi?" mama akasema, akikusanya glasi. Alipogeuka alimkuta binti yake kaketi sakafuni, analia kimyakimya. "Wewe! Una nini?"

"Ameandika kwamba tunajiweza, mama. Msaada ni wa wasiojiweza."

Mama akabaki na glasi mkononi. "Sasa mbona hukusema ukweli?"

"Ningesemaje? Ulikuwa umependeza sana."

Mama aliweka glasi chini, akatoka peku, mbio.

Huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kuomba chumvi kwa jirani bila kudai kwamba ya kwake imelowa. Leo alikimbia mtaa mzima, futi ya kupimia ikimpepea shingoni, na sauti yake ilifika mpaka dukani, wateja wote wakatoka nje kutazama.

"Dada wa chuo! Simama! Makochi si yangu! Nimeyaazima! Sina kitu mimi, mwanangu, sina kitu!"

Binti alikuwa amefika mlangoni. Alitamani ardhi ipasuke immeze, kisha akatamani kumfunika mama yake kwa mikono yake miwili asionekane na mtu yeyote. Kwa dakika ile hata chuo alikisahau.

Afisa alirudi, haya zimemjaa kana kwamba yeye ndiye aliyesema uongo. Mama aliingia naye ndani akihema, akapita katikati ya makochi bila kuyatazama, akavuta shuka lililokuwa limetundikwa kugawa chumba. Nyuma yake kulikuwa na cherehani, jiko, sufuria mbili, na kitanda kimoja cha watu wawili.

"Kaa hapo kitandani, mwanangu," akasema. "Kiti sina. Andika hivyo hivyo."