Picha Zisizo na Mtu

Hospitalini walimwita Usipumue, kwa sababu hilo ndilo neno alilolitoa kutwa kucha akiwa nyuma ya kioo cha chumba cha eksirei. Hata mfagizi alimwamkia hivyo kwa heshima zote: shikamoo Mzee Usipumue. Hakujali. Kazi ilikuwa kazi; raha yake ilikuwa kamera yake mwenyewe, ile aliyozunguka nayo siku za mapumziko akipiga picha ambazo mkewe alisema hazina kichwa wala miguu.

Mkewe hakutia chumvi, maana picha zenyewe hazikuwa na mtu. Kiti kilichosukumwa nyuma. Kikombe chenye alama ya mdomo. Kitanda ambacho shuka lake bado limebonyea pale alipolala mtu. Jumamosi hiyo chama cha wapenda picha kilikuwa na maonyesho katika ukumbi wa maktaba, na mwenyekiti wao, fundi saa anayependa mambo yanyooke, aliagiza kila mwanachama asimame kando ya picha zake aeleze alikuwa anafikiria nini alipozipiga. Usipumue alijiandaa wiki nzima. Alikuwa na maneno matamu kweli kweli kuhusu mwanga wa dirishani.

Ila asubuhi ya siku hiyo hiyo, akiwa zamu, dada yake alikuja hospitalini na kikohozi.

Dada huyu ni mwoka mikate, na ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alisema kifua kinamsumbua kwa sababu ya unga, na kwamba amekuja tu ili daktari wake aache kumpigia kelele. Usipumue akamsimamisha mbele ya mashine, akamwambia avute pumzi na aizuie, akapiga. Picha ikatokea kwenye skrini. Upande wa kulia, juu, palikuwa na doa ambalo halikupaswa kuwapo.

Sheria ya kazi aliijua hata usingizini. Mpigaji hupiga, daktari husoma, na anayesoma ndiye anayesema. Daktari wa kusoma picha alikuwa safarini mpaka Jumatatu; alipopigiwa simu alisema picha hiyo iwekwe juu ya nyingine zote, basi. Kwa hiyo dada alipouliza vipi, Usipumue alimjibu kama alivyowajibu wote, kwamba daktari atamweleza. Dada akasema haya, tutaonana baadaye kwenye maonyesho ya viti vyako.

Mchana huo ukumbini hakukukalika. Alinyoosha fremu zilizokwisha kunyooka. Akatoka nje, akarudi, akanywa maji, akatoka tena, mpaka mwenyekiti akamwuliza kwa sauti ya chini kama tumbo limemchafuka. Kila mlango ulipofunguliwa, aligeuka kutazama kama ni dada. Akisema, amevunja sheria, na pengine anamtia mtu hofu ya bure, maana doa ni doa tu mpaka lisomwe na mwenye kulijua. Asiposema, itabidi amtazame usoni siku mbili akimdanganya, naye tangu utoto hajawahi kumdanganya dada yake akafanikiwa. Akamkasirikia daktari kwa kusafiri, akamkasirikia dada kwa kukohoa, kisha akajikasirikia mwenyewe kwa kuwakasirikia.

Dada akaingia amevaa gauni lake la kutokea, unga kidogo bado uko kwenye nyusi. Na zamu ya Usipumue ya kueleza ikafika hapo hapo. Akasimama kando ya picha zake, na yale maneno yote ya mwanga yakayeyuka. Karani wa maktaba, kwa nia njema kabisa, akamwuliza kwa nini hapigi watu.

Alianza kwa kujikosha: watu wakiona kamera hujitengeneza. Angeishia hapo, watu wangeridhika. Lakini ulimi ulikuwa umeshateleza.

"Kazini naona ndani ya mtu kabla mwenyewe hajajua," alisema. "Halafu uso wake unanitazama, unaniuliza, na mimi siruhusiwi kujibu. Kiti hakiulizi. Nikipiga kiti, hakuna anayenisubiri niseme neno."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni utani wa wasanii, na mwenyekiti akaongoza makofi. Dada hakucheka. Alimshika mkono akamwongoza mpaka nyuma, kwenye rafu za magazeti ya zamani, mahali pasipopita mtu.

"Vile viti ni vya kwangu," akasema.

"Vingi ni vyako."

"Mtu akiviona atadhani nimeshakufa."

Usipumue alijaribu kutabasamu, uso ukakataa.

"Asubuhi, baada ya kunipiga picha, ulinivalisha viatu," dada akaendelea. "Ulipiga magoti ukanifunga na kamba zake. Mimi ndiye niliyekufundisha kufunga kamba. Nimekaa na jambo hilo tangu nitoke hospitalini, nikikanda unga. Sasa mimi ndiye ninayekutazama, na ninakuuliza. Uliona nini?"

Kibarua kingeweza kuota nyasi kwa jibu hilo, naye alijua. Alijua pia kwamba akisema tena habari ya daktari, dada ataitikia haya, atarudi nyumbani, na hatamwuliza kitu kingine maisha yake yote.

"Kuna doa," akasema. "Kulia, juu. Sijui ni nini, dada. Naapa sijui. Linaweza kuwa jambo dogo, linaweza kuwa kubwa. Jumatatu litasomwa."

Dada akaketi kwenye kigoda cha kufikia rafu za juu. Hofu ikamjaa usoni polepole, na mdogo wake akaiona yote, bila kioo katikati. Ndicho alichokuwa akikikimbia miaka yote ile, na kilikuwa kibaya vile vile alivyodhani. Miguu ilimwasha kuondoka. Mikono ilitaka kushika chochote, hata fremu. Akajilazimisha kuketi sakafuni karibu naye.

"Unaogopa?" dada akauliza.

"Sana."

"Na mimi. Basi kaa tuogope wote wawili. Peke yangu nitachoka."

Akaanza kukohoa, na Usipumue akamshika mgongo mpaka kikohozi kikapita.