Mwandiko wa Sueno

“Futa!” Mwalimu Ishige aligonga meza kwa kijiti cha kulia wali. “Hiyo ni herufi au mjusi aliyekanyagwa?”

Sueno akafuta. Alikuwa akiandika nyuma ya kalenda ya zamani, na vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa chumvi, maana kutwa nzima alivitumbukiza kwenye mapipa ya kuchachulia matunda ya plamu, kiwandani kwa Kuroiwa. Penseli ilipogusa mpasuko alikunja uso. Mwalimu hakumpa pole. Alikuwa mjane, amestaafu siku nyingi, ulimi wake wembe. Hapa kijijini waliopita mikononi mwake hadi leo wakiona chaki wanashtuka.

“Mwalimu, mkono unauma.”

“Na mimi masikio yananiuma kukusikiliza. Andika tena. Sa.”

Bibi mwenye wajukuu anajifunza herufi, kila silabi na herufi yake! Watu walicheka mpaka wakajishika mbavu. Utotoni, wenzake walipokwenda shule, Sueno alifungiwa mgongoni watoto wa watu ili kwao wapate mchele. Hilo hakuna aliyelikumbuka. Kijiji chetu kina kumbukumbu nzuri sana ya mambo ya kumchekea mtu, basi.

Alikuwa na sababu yake. Kura kwetu ni karatasi tupu: unaingia kwenye kijibanda, unaliandika kwa mkono wako jina la unayemtaka. Asiyejua kuandika humnong'oneza karani, karani akamwandikia, na sheria inamtaka karani afunge mdomo. Uchaguzi wa diwani uliopita, karani alikuwa Tamotsu, binamu yake Kuroiwa, na Kuroiwa mwenyewe alikuwa mgombea. Sueno alimnong'oneza jina la Sakabe, fundi wa baiskeli, kwa sababu Sakabe ndiye pekee aliyethubutu kusema mbele za watu kwamba kiwanda cha Kuroiwa kinamwaga maji ya chumvi kwenye mfereji, na mashamba ya chini yanakufa. Shamba la kwanza chini ya kiwanda ni la Sueno. Aliachiwa na mama yake, na mpunga wake ulikuwa umeungua kingo zote, umesimama kama mabua ya ufagio.

Tamotsu afunge mdomo? Thubutu! Sueno hajafika kwake, jina limeshafika kiwandani. Asubuhi yake mke wa Kuroiwa alimsimamisha mbele ya wafanyakazi wote.

“Kumbe hapa tunalisha paka wa jirani,” alisema. “Haya, paka, ondoka kwenye meza ya kuchambua. Nenda kwenye mapipa.”

Sakabe alishindwa, Kuroiwa akawa diwani. Mfereji ukaendelea kumwagiwa chumvi, na Sueno akaanza kwenda kwa Mwalimu Ishige kila jioni na bakuli la maharage yaliyochachuliwa, ndiyo ada.

“Safari hii,” alimwambia mwalimu, “hakuna atakayejua nimemwandika nani.”

“Kwa mwandiko huu, hata Sakabe mwenyewe hatajua. Andika tena.”

Kuroiwa na Sakabe waligombea tena, na siku ya kura ilikuwa Jumapili ya jua kali, plamu zimeanikwa kwenye nyungo uwanja mzima. Mke wa Kuroiwa aliwapakia wafanyakazi kwenye lori la kiwanda, akawashusha mlangoni pa shule mmoja mmoja, akasimama hapo na mwavuli wake. Ndani, Tamotsu alipomwona Sueno alikwisha kuinuka.

“Njoo huku, bibi, nikuandikie kama kawaida.”

“Leo naandika mwenyewe.”

“Wewe?” Tamotsu akawageukia wenzake. “Jamani, leo tunapigiwa kura ya picha.”

“Nipe karatasi, Tamotsu.”

Alimpa kwa ncha za vidole. Ndani ya kijibanda Sueno aliishika penseli kwa nguvu mpaka mpasuko mmoja ukafunguka. Herufi ya kwanza ilitoka kubwa mno, ikala nafasi ya nyingine. Ya pili ikabanwa. Ya tatu ikapanda juu, ikalalia ukingo. Aliitazama kazi yake, akaona aibu, halafu akaona furaha, halafu aibu tena. Akaikunja, akaitumbukiza.

Nje, mke wa Kuroiwa alimzibia njia.

“Ulilala humo?”

“Penseli ilikuwa butu, mama.”

“Umemwandika nani?”

“Kura ni siri.”

“Siri!” Mama yule alicheka kwa sauti, wengine wa kwenye lori wakacheka naye, kwa kuwa mshahara wao ulikuwa umesimama pale chini ya mwavuli. “Haya, panda lori, wewe mwenye siri.”

Kura zilihesabiwa kesho yake asubuhi kwenye ukumbi wa shule, na mtu yeyote ruhusa kutazama kutoka roshani ya juu. Siku hiyo kwetu hata darubini za kutazamia ndege hutolewa kabatini. Mke wa Kuroiwa alikaa mstari wa mbele na yake. Sueno alikaa nyuma yake, kwa kuwa ndipo nafasi ilipobaki. Chini, rundo la Kuroiwa na rundo la Sakabe yalikuwa yakipanda pamoja, kimo kwa kimo, na hakuna aliyekuwa akitafuna kitu.

Ghafla Tamotsu akainua karatasi moja. Akaigeuza juu chini. Akaigeuza tena, mabega yakimtetemeka kwa kicheko, akaipeleka kwenye meza ya msimamizi.

“Hii haisomeki. Itupwe.”

Mke wa Kuroiwa aliilenga darubini. “Hebu oneni! Kuku kachakura! Mtu mzima anaandika hivi bila haya? Afadhali angebaki kwao akalala.”

Roshani nzima ikaangua kicheko. Sueno aliiona ile herufi ya kwanza kubwa, hakuhitaji darubini. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Ndicho alichokuwa amekisomea jioni zote zile, akatukanwa na mwalimu, akavuja damu vidole: awe na siri yake kama watu wengine. Alikibana kinywa. Lakini walikuwa bado wanacheka, na hasira ikampanda mpaka kooni, akasimama.

“Ni mwandiko wangu!”

Kicheko kikakatika. Mke wa Kuroiwa akageuka taratibu, darubini ingali mkononi.

“Umesemaje?”

“Nimesema ni mwandiko wangu. Nimeandika mimi, kwa mkono huu uliochunwa na chumvi yako. Na usiniite kuku.”

“Kaa chini huko juu!” msimamizi alipaaza sauti bila kuinua kichwa. “Roshani hairuhusiwi kusema. Neno jingine namtoa mtu.”

Sueno akakaa. Msimamizi, mtu mkavu asiyejulikana kucheka wala kununa, alivaa miwani, akaisogeza karatasi ile kwenye mwanga wa dirisha. Alipitisha kidole chini ya kila herufi, polepole, kama anayepapasa njia gizani.

“Sa,” alisoma. “Ka.” Akaifuata ile iliyopanda juu. “Be. Sakabe. Inasomeka.”

“Lakini mzee...” Tamotsu alianza.

“Nimesema inasomeka. Weka panapohusika.”

Mke wa Kuroiwa aliinama karibu na sikio la Sueno. Hakupaaza sauti tena, na hiyo ndiyo iliyotisha.

“Aproni uiache getini. Mapipa yangu hayakujui tena. Na huo mpunga wako, utauona.”

Sueno alimsikia, neno kwa neno, na mshahara ule ndio uliomlisha. Hata hivyo hakumtazama. Alisogea mpaka mwisho wa benchi, akaegemea ukingo wa roshani. Kule chini karatasi yake ilikuwa imewekwa juu ya rundo la Sakabe, uso juu, herufi zimelala upande. Mkono wa karani ukaweka nyingine juu yake, kisha nyingine. Aliendelea kuukodolea macho ule ukingo wake mweupe, mpaka akashindwa kuutofautisha na kingo za karatasi za wenzake.