Kifungu cha Tisa na Suruali ya Msimamizi

Kifungu cha tisa cha mkataba wa chumba kilimkataza mpangaji kuweka picha, rangi au nembo ya chama chochote, ndani au nje, bila idhini ya mwenye nyumba. Idhini hiyo mwenye nyumba alijipa mwenyewe. Sura ya mgombea wake ilibandikwa kwenye mlango wa fundi cherehani kwa uji wa unga, nao ukachacha juani na kujaza nzi. Fundi alipokwenda kulalamika ofisini, karani alimuuliza jambo moja tu: "Ulisaini, hukusaini?"

Asubuhi moja msimamizi wa nyumba alikuja kujaribu suruali ya sare atakayovaa kwenye mkutano wa kampeni wa mgombea huyo. Alisimama katikati ya chumba, njiti ya meno mdomoni, huku fundi amepiga magoti akirekebisha vipimo. Mishono ya ubavuni ilikuwa haijapitishwa cherehani. Ilishikwa kwa pini tupu.

"Usinibane sana, dada. Ushindi unakuja na kitambi."

"Kitambi kimeshafika, mwanangu," mama yake fundi alisema kutoka kitandani, nyuma ya pazia. "Ushindi ndio umechelewa."

Msimamizi alicheka, akajifuta vidole vyenye mafuta kwenye kitambaa cheupe cha gauni la bibi harusi. Kisha akanyoosha mkono ukutani, akaangua karatasi ngumu iliyotundikwa msumarini. Ilikuwa karatasi ya kukatia mikono ya mashati, na fundi, kama mafundi wengi, hakuwahi kujali upande wake wa pili. Msimamizi aliigeuza. Nusu ya sura ya mgombea mpinzani ilimtazama kwa jicho moja, tabasamu limekatwa kwa mkasi penye kwapa.

"Na huyu?"

"Huyo ni mkono wa shati, kaka. Karatasi niliiokota mtaroni."

"Picha ni picha. Kifungu cha tisa. Mwisho wa mwezi nataka chumba kitupu."

"Kwa jicho moja?"

"Hata kwa kope."

Fundi alilifikiria goti la mama yake lisilokunjika, na jinsi vyumba vya chini vilivyo adimu.

"Kaka, nakuomba. Mama hawezi ngazi."

Msimamizi aliihamisha njiti kutoka shavu hili hadi lile. "Basi njooni mkutanoni, wewe na mama. Mkae mbele, mpige makofi mpaka mwenye nyumba awaone. Mimi nitasahau." Akatazama saa. "Haya, malizia suruali."

Pazia lilitikisika.

"Mwanangu," mama alimwambia binti yake, "uji wa mlangoni peke yake unanitapisha, sembuse makofi. Tafuta chumba popote. Ngazi nitazipanda kwa makalio."

Fundi alichukua kijimto chake cha pini. Akachomoa ya kwanza kiunoni, kisha ya pili.

"Unafanya nini?"

"Nafungasha. Hizi ni zangu; mkataba haukuzitaja."

Alizichomoa zote kwa utaratibu, kutoka kiunoni hadi pindoni, asimchome hata mara moja. Suruali ilifunguka pande zote mbili. Msimamizi aliidaka kwa mikono miwili, njiti ikamdondoka, akajivuta kinyumenyume hadi kwenye kiti kilichokuwa na suruali yake ya zamani.

Fundi hakumtazama. Alikivuta kile kitambaa cheupe, akakipaka sabuni penye alama za vidole, akaanza kufikicha.